Hewa Safi kwa Chumba cha Mama

Ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi, na joto lilikuwa limeufunika mji. Zamda alikuwa ameshuka kwenye basi muda mfupi uliopita, na kaka yake, Mshamu, alikuwa amempitisha kwanza kwenye duka la vifaa vya umeme.

"Hii inapoza, inapasha joto na inasafisha hewa," muuzaji alisema, akiwaonyesha mashine ya hewa iliyokuwa ikiwaka. "Tatizo ni harufu gani, bosi? Rangi au sigara?"

"Mtu," Mshamu alijibu. "Mama yetu hajiwezi, yuko kitandani. Mke wangu haingii tena chumba kile."

Zamda aligeuka. "Kaka, nani anamwogesha?"

"Ndiyo maana tunanunua mashine, dada."

"Nimeuliza nani anamwogesha mama."

Mshamu aliinamia mashine, akafumba macho na kuvuta hewa yake kama anayenusa marashi. "Tupe kubwa, yenye rimoti," alimwambia muuzaji. "Nitaiwasha nikiwa sebuleni."

Kinyaa kilimpanda Zamda. Alitema mate kwenye leso.

Mshamu alilipa. Muuzaji alilifunga boksi kwa kamba. Zamda alivuka barabara, akanunua sabuni, taulo na beseni, akaelekea nyumbani kwa miguu, mikono ya gauni ikiwa imekunjwa tayari.