Mwenyekiti wa Wapangaji

Hafidhi aliikata sabuni ya mche kwa uzi, vipande vyembamba kama vya halua, akavipanga dirishani vikauke.

"Kaka Hafidhi," akauliza Zamda, jirani yake muuza chapati, "hiyo ya kuogea au ya kunusa?"

"Sabuni nene inayeyuka bure, dada. Mwili wenyewe mmoja, unataka povu kiasi gani?"

Uwani wote wakacheka. Hafidhi hakujali. Alikuwa mhasibu wa duka la vipuri mtaa wa Gerezani, mtu mzima asiye na mke wala mtoto, ila nyumba anayo: fleti ya vyumba viwili Upanga, aliyoinunua kwa mkopo wa benki. Benki ilipanga amalize kulipa siku anayostaafu. Yeye alitaka amalize mapema, angali na meno ya kutafunia raha yake. Kila shilingi aliyoipeleka juu ya rejesho la mwezi ililipunguza deni lenyewe, na deni likipungua riba nayo hukonda.

Kwa hiyo aliipangisha fleti, akahamia chumba kimoja Buguruni, akaanza kupunguza. Nauli aliifuta, kazini alienda kwa miguu, viatu kwapani, akavivaa alipokaribia duka. Soda aliisahau. Televisheni aliisikiliza kupitia ukuta wa Anaeli, fundi friji wa chumba cha pili, ambaye mechi ikinoga aligonga ukuta.

"Umeliona hilo bao?"

"Nimelisikia!"

Michango ya harusi ndiyo iliyompa taabu. "Mimi nachangia ndoa zenu kila mwezi," alimwambia Zamda, aliyekuja na kadi nyingine. "Yangu mtaichangia lini?"

"Si uoe kwanza!"

"Mke naye ana bajeti yake."

Mwisho alipunguza na huruma. Mkataba wa fleti ulipoisha, akampigia dalali wake, Shomari, akamwagiza ampandishie mpangaji kodi.

"Bosi, huyo mama ni mstaarabu, halipi kwa kusukumwa. Basi ongea naye mwenyewe, walau mara moja."

"Wewe nakulipa ya nini? Mpangaji ukimjua utamhurumia, na huruma ina gharama."

Rejesho la mwezi ule lilikuwa nono. Hafidhi alilala usingizi mtamu. Kwa hesabu zake, panapo majaliwa, mwakani angelala Upanga, kwenye nyumba isiyodaiwa na mtu.

Haukupita muda, mzee Idrisa, msimamizi wa nyumba ya Buguruni, akapita mlango kwa mlango akiangalia chini. Mwenye nyumba amepandisha kodi, kuanzia mwezi ujao. Asiyeweza, ahame.

Zamda aliketi kando ya jiko lake, chapati ikaungua asiione. Watoto wanasoma shule ya jirani, wateja wake ni wa mtaa huu huu, ahamie wapi? Hafidhi naye akapiga hesabu, akazirudia. Akiilipa kodi hiyo mpya, Upanga ataiota miaka mingine mingi. Na cha kupunguza hakikubaki, labda apunguze kupumua.

"Mwenye nyumba mwenyewe ni nani?" akauliza.

"Bi Azza, muuza mapazia wa Kariakoo," alisema Anaeli. "Twendeni wote tukamwone. Na msemaji awe kaka Hafidhi. Mdomo anao, hesabu anajua, na kwa ubahili ule hakuna atakayemtoa senti."

Wakampa na cheo papo hapo: mwenyekiti wa wapangaji.

Jumamosi walimkuta Bi Azza dukani kwake, katikati ya majora ya vitambaa, mkasi mkononi.

"Karibuni. Mbona kundi zima? Kuna harusi?"

"Kuna msiba," alisema Zamda. "Maiti ni sisi."

Hafidhi akasogea mbele, akafunga kifungo cha juu cha shati. "Bi Azza, utatuwia radhi. Nyumba ni yako. Lakini mwenye nyumba anayejificha nyuma ya mtu mwingine, asithubutu kumtazama mpangaji wake usoni, huyo ana roho gani?"

"Sema, mwenyekiti!" Anaeli akadakia.

"Watu wanajinyima mpaka mbavu zinahesabika, mwenzao anazidi kunenepa!"

Bi Azza akaweka mkasi chini. "Umenitia haya, kaka, na usemayo ni kweli. Lakini mimi mwenyewe ni mpangaji. Kodi zenu ndizo zinazolipia ninapokaa, na huko nako nimepandishiwa. Nikaomba nionane na mwenyewe tuzungumze kiutu uzima, hataki. Dalali nimemlilia mpaka amenichoka. Leo asubuhi kanipa namba ya simu, kaniambia nimalizane naye mwenyewe."

Zamda alihama upande pale pale. "Kumbe ni mwenzetu! Na huyo mtu hana mke, nakuapia. Mwenye mke angeshakanywa."

"Hana hata rafiki," alisema Anaeli.

Hafidhi alikuwa amepata moto. Cheo kilikuwa kimemkaa vizuri, na wapita njia wawili watatu walikuwa wamesimama mlangoni kumsikiliza.

"Mpigie," akaamuru. "Sasa hivi, na uweke spika. Nitaongea naye mimi. Watu wa namna hiyo waambiwe mbele za watu, wapate haya."

Bi Azza akavaa miwani, akabonyeza tarakimu mojamoja kutoka kwenye kikaratasi. Wote wakasogeza masikio. Kwenye spika, mlio wa kwanza ukasikika.

Mfukoni mwa Hafidhi, simu ikaanza kuita.

"Mwenyekiti," Zamda akamnong'oneza, "hebu zima simu yako bwana, tumsikie huyo mtu."