Nusu ya Mshahara

"Tukate kiasi gani kila mwezi, nesi?" aliuliza karani wa benki. "Ukisema theluthi, mkopo hautafikia bei ya nyumba. Ukisema nusu, utafikia."

Violet aliitazama fomu ya mkopo. Ushirika uliompangisha ulikuwa umefilisika tangu kahawa ya Mbinga iachiwe wanunuzi binafsi, na sasa nyumba zake zilikuwa zinauzwa. Asipoinunua hiyo anayokaa, mwisho wa mwezi angetolewa nje na wanawe.

Lakini nusu ikishakatwa, kisingebaki cha kumtumia mama yake kule Lundo, kando ya ziwa.

Mama mwenyewe alikuwa ameketi kando yake. Alipanda kutoka ziwani jana, kuja kutibiwa kifua.

"Sema nusu, mwanangu," alisema taratibu.

"Na wewe utakula nini, mama?"

"Mihogo ipo. Isitoshe, mtu mzima hali sana."

Mihogo haikuwapo. Asubuhi ile ile, wakinywa chai, mama alikuwa amesimulia jinsi ilivyooza shambani, yote.

Violet aliutazama mkono wa mama uliolala juu ya meza. Bangili ya shaba, ambayo zamani haikuvuka kiganja mpaka kwa sabuni, ilikuwa imeteleza hadi karibu na kiwiko.

"Nesi, wenzako wanasubiri," karani alisema.

"Nusu," Violet alijibu.

Karani akaandika. Mama akainama kidogo, akampa mkono kwa adabu, kama mtu aliyepewa kitu.

"Ahsante, baba," alimwambia. "Mungu akuzidishie."