Kipande cha Kanga

Wiki nzima Mwanakombo alikuwa akijiandaa kwa mtihani wa kuhuisha cheti chake cha ufundi wa mitandao, na kila swali la majaribio lilizidi kumvuruga. Mtandao umekatika, uanze na nini? Alichagua waya, maana ndivyo alivyofanya miaka yote. Kitabu kikasema amekosa: aanze kwa kuwauliza watu kilichobadilika.

Asubuhi moja mtandao wa ofisi ya maji, alikofanya kazi, ukakatika kweli, na foleni ya wateja ilikuwa imefika mlangoni. Miguu ilishaanza kumpeleka chumba cha mitambo, kwenye ule waya uliolegea, ambao yeye mwenyewe aliufunga kwa kipande cha kanga. Akasita. Akamgeukia karani wa dirishani.

"Bi Rukaya, leo kumebadilika nini hapa?"

"Unaniuliza mimi, mwenzangu? Si wewe ndiye fundi?" Kisha Bi Rukaya akakumbuka. "Labda kile kitambaa chako. Nilikifungua nikakifua, maana kilijaa vumbi." Akaonyesha dirishani, kilipoanikwa.

Mwanakombo alikichukua kikiwa bado kimelowa, akaingia chumbani. Waya ulikuwa unaning'inia. Kumbe kitabu kilisema kweli. Lakini katika kurasa zake zote hamkuwa na kanga.

Akasimama, waya mkono huu na kitambaa mkono ule, maji yakimdondokea miguuni, asijue aachie kipi: bila kitambaa waya ungechomoka tena, na kitambaa kilicholowa kingeuharibu. Nje foleni ilikuwa bado ikimngoja.