Ncha ya Futi

Mama alibana ncha ya futi ukutani, nami nikaivuta hadi dirishani. Meza ya kazi isingeingia. Tukapima nyuma ya mlango. Hapo hata kiti kisingeenea.

Bosi alishasema: mteja akisikia tena kwenye simu mtu anakohoa nyuma yangu, kazi sina. Na nyumbani kwetu chumba chenye mlango ni hiki kimoja, anacholala Mama.

"Tutabanana tu," nikasema, jasho likinitoka.

Kikohozi kikampanda. Akakizima kwa pindo la mtandio mpaka machozi yakamlengalenga, kama afanyavyo kila nikiongea na wateja. Sasa hivi simu ilikuwa mfukoni mwangu, imezimwa.

Akaitoa ncha ya futi ukutani, akaiweka juu ya mto wake.

"Mwanangu, hapa kitandani hujapima."