Magurudumu ya Mzee Methusela

"Hayashuki," Emiliana alisema redioni kwa mara ya tatu. "Leva ya magurudumu nimevuta, pampu ya mkono nimepiga. Hayashuki, mzee."

Chini, kwenye kiwanja cha udongo cha klabu ya marubani, nje kidogo ya Haneti, Dodoma, Mzee Methusela aliibana redio mpaka vidole vikamuuma. Ndege ilikuwa inazunguka juu ya mashamba ya mtama, tumbo wazi, haina hata gurudumu moja nje. Ilikuwa ndege ya jeshi ya zamani, na yeye ndiye fundi wake kwa miaka thelathini na minane.

"Piga tena," alisema. "Mara arobaini. Magurudumu yangu yanashuka."

"Yamekukataa, mzee wangu," alisema Gerson, mwenyekiti wa klabu. "Nilisema mimi. Umri umekwenda, mikono imechoka. Hukutaka kusikia."

Kando ya Gerson alisimama mnunuzi kutoka ng'ambo. Siku hiyo alitaka kuiona ndege ikipaa na kutua, kisha atie sahihi na kuondoka nayo. Alishasema wazi kwamba anataka ndege inayoruka, maana mabati ya makumbusho anayo tele kwao. Wanachama walipinga uuzaji huo, na Emiliana alipinga kuliko wote, kwa sababu marehemu baba yake aliirusha enzi zake. Gerson akawajibu kwamba kikao kimefungwa.

Methusela naye alipinga, akashindwa. Ila hapo aliweka nadhiri yake: kama ndege inaondoka, itaondoka nzima, na hakuna mtu duniani atakayesema fundi wa Dodoma aliwauzia watu kimeo. Wiki tatu alilala chini ya lile bawa. Hakuna ndege iliyowahi kuanguka kwa mkono wake, na jina hilo ndilo alilokuwa nalo. Hana jingine.

"Ng'ombe hashindwi na nunduye," alimwambia Gerson bila kumtazama. "Nami sishindwi na magurudumu niliyoyafunga mwenyewe. Emiliana, mwanangu, unanisikia? Usiruke na mwavuli. Usiende uwanja mwingine. Piga pampu."

"Nimepiga arobaini, mzee. Mafuta yanaisha. Naishusha kwa tumbo."

Mnunuzi alishika kichwa. Gerson alipiga simu kuita gari la wagonjwa. Methusela alisimama mwisho wa kiwanja, ndege ikimjia usoni, na watu walipomwita aondoke aliwaambia waende wao.

Ilishuka taratibu mno. Ikagusa udongo, ikalia, ikaburuta tumbo mita mia mbili na kutimua vumbi jekundu lililofunika kila kitu. Pangaboi la puani lilijikunja. Kisha ikasimama.

Mzee alikuwa wa kwanza kufika. Alipanda bawa kwa magoti, akafungua kioo. Emiliana alikuwa mzima, hana hata mkwaruzo, mikono yake miwili mapajani.

"Shikamoo, mzee," alisema. "Nisamehe."

"Marahaba. Umeumia?"

"Sijaumia."

Nyuma, Gerson alikuwa anafoka, akikimbia na mnunuzi na karatasi za ripoti. "Fundi gani huyu! Leo nataka ijulikane ni nani ameua ndege hii! Iandikwe, isomwe kila kiwanja!" Mnunuzi aliinama akalitazama pangaboi, akatikisa kichwa, akafunga mkoba wake.

Methusela aliwapa mgongo. Miaka thelathini na minane, halafu hivi. Akaingiza kichwa ndani kutafuta ni wapi kazi yake ilipomsaliti.

Leva ya magurudumu ilikuwa palepale juu, haijavutwa. Akaangalia pampu. Kila anapomaliza kazi huifunga kwa uzi mwembamba wa shaba, ambao lazima ukatike pampu ikivutwa hata mara moja.

Uzi ulikuwa mzima.

Alimtazama Emiliana. Emiliana hakukwepesha macho.

Gerson alikuwa ameshaweka mguu kwenye bawa. Mzee akaishusha leva, akaukata uzi kwa kidole, akasimama wima ili kiwanja kizima kimsikie.

"Andikeni," alisema. "Uzembe wa fundi."