Bunduki ya Marehemu Takyi

Mama Serwaa hakuitazama nyama. Alimtazama Okrah usoni, jicho la kulia, kisha la kushoto, ndipo akashusha pumzi na kulipokea paja la ndezi.

"Umerudi mzima?"

"Mzima, mama."

"Haya. Mungu mkubwa."

Kila alipoua mnyama, Okrah alimpelekea mjane yule fungu zuri kuliko yote. Majirani walimsifu. "Huyu kalelewa," walisema. "Kanunua bunduki kwa mjane, na bado anamlisha!" Sifa zile zilimuwasha kama pilipili kwenye kidonda.

Alikuwa na miaka ishirini na miwili alipoamua kuwa mwindaji. Kwao hakuna aliyewahi kuwinda. Baba yake alikuwa fundi cherehani. Msimu mzima Okrah alichuma nyanya za watu, akaweka akiba. Buti za mvua alizipata bure, kwa kuwa zote mbili zilikuwa za mguu wa kushoto. Risasi alinunua moja moja, kama wavutaji wanavyonunua sigara.

"Na bunduki je?" rafiki yake Dankwa alimtania. "Au utawachekesha ndezi mpaka wafe?"

Bunduki mpya mjini Techiman ilikuwa sedi elfu nne. Okrah alikuwa na elfu moja.

Ndipo akasikia kwamba Mzee Takyi, mwindaji hodari wa kijiji cha pili, amefariki kwa presha. Mazishi yalikuwa ya haraka. Hata maiti haikulazwa watu waiage, na wengi walinung'unika kuwa ukoo umekwepa gharama. Wiki tatu baadaye Okrah alibisha hodi kwa mjane.

Mama Serwaa aliitoa bunduki uvunguni, imeviringishwa kitambaa cheusi. Ilikuwa ya mtutu mmoja, ya kiwandani, nzuri kweli. Kitako tu ndicho kilichokuwa kipya, mti wake bado mweupe.

"Hiki kilivunjika," mama alisema. "Shemeji yangu akaweka kingine."

"Unauza kiasi gani?"

"Elfu moja."

Moyo wa Okrah uliruka. Hapo angelipa, ashukuru, aende zake. Lakini tamaa haina breki.

"Ina kutu, mama," alisema, akipitisha kidole penye chuma kisafi. "Nani atanunua mzigo kama huu? Nikupe mia sita."

Mama Serwaa hakubisha. Alizipokea noti bila kuzihesabu, akaingia ndani, akafunga mlango.

Okrah alirudi kwao akicheka njia nzima. "Kumbe uwindaji unaanzia huku!" alimwambia Dankwa. "Nimempiga mjane kabla sijampiga ndezi!"

Dankwa hakucheka. "Ana watoto wanne yule," alisema.

Maneno hayo yaliingia na hayakutoka tena. Siku mbili baadaye Okrah alimwona Mama Serwaa sokoni akiuza sufuria zake za arusi, akageuza njia asionane naye. Alipoua funo wake wa kwanza, katika mashamba ya mihogo alfajiri moja ya ukungu, watu walimpongeza, naye hakusikia raha yoyote. Alikata paja, akalipeleka kwa mjane kabla nyama haijapoa.

Tangu hapo ikawa desturi. Mama alipokea, akamtazama usoni, akauliza kama ni mzima. Hakuwahi kutabasamu.

"Mama hali nyama yako," binti yake mkubwa, Afriyie, alimwambia siku moja. "Anatupikia sisi. Yeye anakula mboga za majani."

"Kwa nini?"

"Sijui. Na akisikia mlio wa bunduki porini, anaacha kutwanga fufu. Anasimama mlangoni tu."

Okrah alishika njia akijiambia: amejua. Kuna mtu amemtajia bei ya Techiman. Anajua nilimwibia, na mnyama anayeuawa kwa bunduki ya wizi hapiti kooni mwake.

Alikonda. Usingizi ukamhama. Msimu wote aliowinda, kila alichouza kwa wenye migahawa alikifungia kwenye kopo la maziwa, wala hakununua hata buti la mguu wa kulia. Kopo lilipojaa, Jumapili mchana baada ya kanisa, alikwenda kwa Mama Serwaa. Alimkuta uani peke yake, akimenya mihogo.

Okrah alipiga magoti.

"We, inuka, utachafua nguo ya kanisani. Umeumia?"

"Sijaumia, mama. Nimekuja kusema ukweli. Nilikuibia. Bunduki ile bei yake ilikuwa elfu nne, na nilijua. Nilikudanganya ina kutu, wakati wewe una msiba na watoto." Aliweka kopo miguuni pake. "Hizi hapa elfu tatu. Hazijatimia, lakini nitamaliza. Nisamehe, mama. Silali."

Mama Serwaa aliacha kumenya. Alilisukuma kopo polepole mpaka likagusa magoti ya kijana.

"Chukua pesa zako."

"Mama, nakuomba..."

"Chukua!" Sauti yake ilipasuka, na machozi yakamtoka bila kuyafuta. "Usinipigie magoti, Okrah. Mimi ndiye wa kupiga magoti hapa."

Mama Serwaa alichungulia ndani kuhakikisha watoto hawasikii, akainama karibu naye.

"Takyi hakufa kwa presha, mwanangu. Bunduki ile ilifyatukia nyuma, ikamvunja uso wote. Nilimwosha mwenyewe. Na siku uliyokuja kuinunua nilijua, nikapokea pesa yako."