Mguu wa Serikali

Mkataba wa pango ulikuwa umekwisha, na serikali haikutia saini mwingine. Basi mwenye nyumba akaja na kufuli lake kuifunga zahanati ya askari wastaafu, foleni ikiwa bado imejaa. Koplo Chilumba, aliyekuwa akingoja dawa, alichechemea hadi mlangoni, akavua mguu wake wa bandia, akaulaza kizingitini ukiwa bado na kiatu chake.

"Mzee wangu, toa mguu wako nifunge."

"Wangu? Hebu soma namba hapo gotini. Mali ya serikali huo, mimi nimeazimwa tu. Anayeusogeza lazima awe na barua ya wizara."

"Barua ya wizara? Si itachukua miaka!"

"Ndiyo maana nakwambia keti, baba."

Nyuma yake, kwenye mabenchi, wenzake walianza kufungua mikanda ya miguu yao.